Mabaki na takataka kwenye vibanda vya mlimani: maswali ya wapanda milima wa Nairobi

Maswali haya hurudi kila kundi la Nairobi linapopanga safari ya mlimani. Huulizwa kwenye mkutano wa maandalizi, huulizwa ndani ya matatu ikipita Karatina, na zaidi huulizwa asubuhi ya kuteremka, mizigo ikifungwa, mtu anapoinua pakiti ya unga iliyobaki nusu na kusema, "Hii si tuiache tu hapa?" Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la ukarimu.

## Mambo ya msingi

Mnaposema vibanda, mnamaanisha vipi?

Tunamaanisha hasa vile vya Mlima Kenya, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakolala. Njia ya Sirimon ina Old Moses, mita 3,300, na Shipton's, karibu mita 4,200. Njia ya Naro Moru ina Met Station, mita 3,050, na Mackinder's, karibu mita 4,200. Austrian Hut iko mita 4,790, chini kidogo ya kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Upande wa Chogoria kuna mabanda karibu na lango la mbuga.

Baadhi vina mtunzaji na unalipia kitanda. Vingine ni kuta na paa tu, na anayefika ndiye mwenyeji wa usiku huo. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa maana vile visivyo na mtu ndivyo hujaa vitu upesi.

Ni vitu gani hasa vinavyoachwa?

Angalia rafu ya kibanda chochote baada ya msimu wa Desemba. Chumvi iliyoganda kama jiwe. Majani chai kwenye karatasi iliyoloa. Tambi za pakiti zilizotafunwa pembeni na panya. Mishumaa iliyobaki vidole viwili. Makopo ya gesi ambayo hakuna anayejua kama yana kitu. Soksi moja. Chupa ya mafuta ya kupikia yenye mafuta ya kutosha kuchafua begi, yasiyotosha kukaanga yai. Chini ya kitanda kuna karatasi za glukosi na za peremende, betri, na poncho za plastiki zilizochanika.

Ukivitazama utagundua kwamba vingi havikutupwa. Viliwekwa kwa mikono, vikapangwa vizuri.

Kumwachia chakula anayekuja nyuma si ukarimu?

Nia ni njema, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anayeacha nusu pakiti ya chumvi na tambi mbili hajioni kama mtu anayetupa takataka. Anajiona kama mwenyeji aliyemwandalia mgeni.

Lakini mfikirie huyo mgeni. Ametoka Nairobi na chakula chake, kimepimwa kwa siku zake. Akikuta pakiti iliyofunguliwa, hajui ilifunguliwa lini wala na nani, wala panya wamepita humo mara ngapi. Ataisogeza kando apate pa kuweka sufuria. Anayemfuata ataisogeza pia. Baada ya wiki kadhaa unga umeshika unyevu na kuota ukungu, na kando yake kuna pakiti nyingine nne, kwa sababu rafu yenye vitu huwashawishi watu waongeze. Mwishowe mtunzaji au mpagazi fulani anakuja kubeba yote chini mgongoni. Mzigo uliokataa kuubeba wewe haukupotea. Umemhamia mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu anayelipwa kidogo kuliko wewe.

Kitu kikiitwa zawadi, lazima kiwe na wa kukipokea. Kama kuna kundi linalopanda siku unayoshuka, waulize ana kwa ana: "Tumebaki na sukari na gesi, mnahitaji?" Wakikubali, wape mkononi. Wakikataa, shuka nayo. Wapishi na wapagazi wako nao waulizwe mapema, si dakika ya mwisho langoni. Unga na mchele ambao haujafunguliwa hupokelewa kwa furaha nyumbani kwao Naro Moru au Chogoria.

Kwani hakuna watu wa kusafisha?

Wapo baadhi ya mahali, na wanafanya kazi kubwa. Ila hakuna gari la taka linalofika Shipton's. Kila gramu inayosafishwa hapo huteremshwa na mgongo wa mtu.

Sheria inasemaje?

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya nzima. Adhabu ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Kisha tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, sahani, vikombe na mirija, haziruhusiwi ndani ya mbuga za kitaifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mlima Kenya ni mbuga ya kitaifa tangu 1949 na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, kwa hiyo katoni ya maji uliyonunua Nanyuki haifai hata kufika langoni. Beba chupa unayoweza kuijaza tena.

## Chakula

Maganda ya machungwa na ndizi si yataoza tu?

Nairobi yataoza. Kwenye mita 4,200 usiku huganda karibu mwaka mzima, na vijidudu vinavyoozesha vitu hufanya kazi polepole mno katika baridi hiyo. Ganda la chungwa ulilotupa wakati wa Pasaka linaweza kuwa bado lipo, kavu na jeusi, mwenzako akipanda Agosti. Kundi moja la watu kumi na wawili, kila mmoja na machungwa mawili, linatosha kuacha mstari wa maganda kutoka mlango wa kibanda hadi mtoni.

Menya matunda nyumbani au ubebe maganda. Njugu karanga zilizomenywa na tende hazina tatizo hili.

Pimbi wakila mabaki kuna ubaya gani? Wanapendeza.

Wanapendeza kweli. Pale Mackinder's na Shipton's wamewazoea watu kiasi cha kusogea hadi mlangoni na kukutazama usoni ukila chapati. Lakini pimbi ni mla majani. Tumbo lake halikuumbiwa biskuti wala ugali. Anayelishwa na watu huacha kutafuta chakula chake, huzaliana pale kambini, na msimu wa wageni ukiisha hubaki na njaa.

Wengine hujifunza pia. Kunguru wenye shingo nyeupe hutoboa mifuko na kutawanya kilichomo bondeni kote. Panya hukata begi la bei ghali kwa ajili ya kipande cha biskuti. Chini zaidi, kwenye msitu, mabaki huwaita kima, nyani na hata fisi, na mnyama aliyejifunza kwamba kibanda ni jiko hatasubiri tena ualike. Anayeumia mwishoni ni mnyama, maana mnyama msumbufu ndiye huondolewa.

Mbona kila safari tunabaki na chakula kingi namna hii?

Kwa sababu mnanunua kwa hamu ya Nairobi. Ukipita mita 3,500 hamu ya kula hupungua kwa watu wengi. Mtu anayemaliza sahani mbili za pilau mtaani atashindwa na bakuli moja la supu.

Jambo la pili ni upishi wenyewe. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, na pale Shipton's yanachemka kwenye nyuzi takriban 86 badala ya 100. Maharagwe makavu hayaivi hapo, utamaliza gesi bure. Githeri iliyochemshwa nusu ndiyo mabaki mabaya kuliko yote: ni nzito, hailiki, imejaa maji, na hakuna anayetaka kuibeba. Chemsha maharagwe nyumbani hadi yaive kabisa, au uyaache. Mlimani peleka vyakula vya kuiva haraka: mchele, viazi vilivyokatwa vidogo, uji, tambi, mboga zilizokaushwa.

Na mtu mmoja apange chakula cha wote. Kila mtu akibeba "kidogo cha akiba", kundi la watu kumi linapanda na akiba kumi.

Ukoko wa sufuria na maji ya kuoshea vyombo?

Kwangua ukoko kwanza, uingie kwenye ndoo ya taka. Chuja maji ya vyombo kwa kitambaa, kisha yamwage mbali na mto, hatua zisizopungua sabini, ukiyatawanya ardhini. Usioshe sufuria mtoni hata kama umeona mwingine akifanya hivyo. Maji ya mlima huu ndiyo yanayoingia Tana na Ewaso Ng'iro, na kuna watu wanayanywa kabla hayajafika mbali.

## Gesi, betri, viatu na vinginevyo

Kopo la gesi limekataa kuwaka asubuhi. Si limeisha?

Mara nyingi halijaisha. Hili ndilo kosa linalojaza vibanda makopo kuliko jingine lolote. Gesi ndani ya kopo iko katika hali ya kimiminika, na inahitaji joto ili igeuke mvuke na kutoka. Usiku wa baridi shinikizo hushuka, moto unakuwa mdogo au haupo, na mtu anaamua kopo ni tupu. Analiacha dirishani, anafungua jipya.

Lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, au liweke ndani ya koti dakika ishirini kabla ya kupika. Litikise: ukisikia kimiminika kinacheza, gesi ipo. Usilipashe moto juu ya jiko wala karibu na mshumaa, kwa sababu linaweza kulipuka.

Likiisha kweli, linashuka nawe. Usilitoboe kambini. Kundi linalotumia mtungi wa kujazwa tena wa kilo 6 halina tatizo hili, ila mtungi ni mzito, kwa hiyo uhesabiwe ndani ya mzigo wa mpagazi.

Betri za tochi?

Zote zishuke, hata zako mbili ndogo. Zina metali na kemikali zisizofaa kuvujia ardhini karibu na maji. Tochi ya kichwa ya kuchaji huondoa shida hii kabisa. Baridi humaliza chaji haraka, kwa hiyo usiku iweke karibu na mwili.

Soli za buti zangu zimebanduka. Nifanye nini nazo?

Shuka nazo, hata kama umeazima raba za mpishi. Wengi wetu tunanunua buti za mlimani kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, na ni buti nzuri, lakini nyingi zina soli ya poliyurethani iliyokaa miaka. Nyenzo hiyo huzeeka hata bila kuvaliwa, kwa sababu unyevu wa hewa huivunja taratibu kutoka ndani. Kiatu kinaonekana kipya. Kisha saa ya nne ya mwendo kwenye matope, soli yote inatoka kama ganda.

Dawa ni kuzijaribu mapema. Zivae msitu wa Karura na vilima vya Ngong kwa wiki kadhaa, zikiwa na maji na matope. Zikipona huko, kuna matumaini. Beba pia kamba nyembamba na kipande cha mkanda wa gundi. Soli iliyofungwa vizuri inaweza kukufikisha langoni.

Dawa zilizobaki, nimwachie atakayeugua?

Usiache. Tembe zisizo na boksi wala maelezo ni hatari kwa mtu aliyechanganyikiwa kwa kichwa kuuma saa nane usiku. Na wewe ukizikuta, usizimeze. Anayeugua kwa sababu ya mwinuko anahitaji kuteremka kwanza.

Poncho za plastiki za bei rahisi?

Zinadumu mvua moja na kuchanika kwenye kichaka cha kwanza. Nunua koti la mvua la mtumba.

## Njia za mkato

Tukichoma je?

Hapana. Pakiti za krispi na za biskuti zina utando wa alumini usioungua, kwa hiyo utabaki na majivu na vipande vinavyong'aa. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo hutoa moshi wa sumu, na nyinyi ndio mnaouvuta. Kubwa zaidi ni moto wenyewe. Nyasi kavu na vichaka vya mlimani hushika moto kwa cheche moja, na mimea ile mikubwa ya lobelia na senesio huchukua miaka mingi sana kukua. Mlima Kenya uliungua vibaya Machi 2012. Kule Kilimanjaro, moto wa Oktoba 2020 ulielezwa na mamlaka za Tanzania kuwa ulianzia mahali wapagazi walipokuwa wakipasha chakula.

Kuzika?

Wanyama watafukua. Wasipofukua wao, ardhi yenyewe itafukua: kule juu udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana, siku baada ya siku, na mwendo huo husukuma mawe na vitu vilivyozikwa kuelekea juu. Kopo lililozikwa Januari linaweza kujitokeza lenyewe.

Kutumbukiza chooni?

Shimo la choo cha mlimani halina lori la kulinyonya. Likijaa chupa na pakiti, linachimbwa jingine, na nafasi za kuchimba karibu na kibanda si nyingi. Chooni kiingie cha chooni tu.

Na karatasi za choo, tishu zenye unyevu na sodo?

Karatasi ya kawaida iingie chooni. Ukiwa njiani mbali na choo, ibebe kwenye kopo dogo lenye kifuniko. Tishu zenye unyevu nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki na haziozi, kwa hiyo zibebe, na sodo vilevile. Kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa karatasi, lenye majani chai makavu kidogo ndani, huzuia harufu na hakuna anayejua umebeba nini. Kiongozi wa kundi aliseme hili mapema na waziwazi, ili asiwepo dada wa kuona haya akiwa peke yake gizani.

## Kushuka na taka

Tubebee kwenye nini?

Ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana. Panya hawaipenyi, kunguru hawaitoboi, haivuji, na ikipanda inabeba mayai. Taka kavu ziingie kwenye gunia. Mifuko myepesi usiitegemee. Rudia jibu la sheria.

Si mpagazi ndiye anayebeba taka?

Anabeba akilipwa kwa mzigo huo, na ukiwa ndani ya uzito mliokubaliana. Usimrundikie gunia siku ya mwisho kwa kudhani mzigo umepungua. Mara nyingi umepungua kwa sababu chakula kimeliwa, na hiyo ndiyo nafuu yake pekee ya safari nzima. Kila mtu abebe vyake, na takataka za jikoni zigawanywe.

Tumekuta takataka za wengine. Tuzibebe zote?

Beba kadiri mgongo unavyoruhusu bila kuhatarisha mtu. Anza na vinavyodhuru: betri, makopo ya gesi, vioo, chakula kinachowaita wanyama. Tumia glavu. Ukishindwa kubeba vyote, vikusanye pamoja ndani ya kibanda, piga picha, na uwaonyeshe maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, langoni.

Tukifika Nairobi si zitaishia Dandora?

Swali hili ni la haki. Dandora ni jalala kuu la jiji tangu miaka ya 1970, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na bado linapokea. Kuna familia zinazoishi na kuvuta moshi wake. Kuhamisha takataka kutoka kwa pimbi hadi kwa watoto wa Dandora si suluhisho.

Kwa hiyo mtenganishe kabla ya kufika. Makopo na chuma huchukuliwa na wanunuzi wa skrepu karibu kila mtaa. Plastiki ngumu na chupa safi zina wanunuzi pia. Mabaki ya chakula yaende kwenye shamba au bustani ya mmoja wenu. Kinachobaki ni kidogo, hasa zile pakiti zenye alumini, na hizo dawa yake ni kuziacha dukani. Nunueni njugu, sukari na unga kwa kupimiwa, kisha mtie kwenye makopo yenu. Kundi linalofanya hivi hushuka na nusu ndoo.

## Hali zisizo za kawaida

Nimekuta kamba, machela au sanduku la huduma ya kwanza. Je, nazo ni takataka?

Usiguse. Baadhi ya vifaa huwekwa makusudi kwa uokoaji. Kile kibanda kidogo sana juu ya kilele cha Nelion kilichojengwa mwaka 1970, kwa mfano, kinaweza kuwa ndicho kinachomwokoa mkweaji aliyenaswa na dhoruba kwenye mita 5,188. Ukiona kifaa kimeharibika, mwambie afisa langoni.

Vitu vilivyoachwa na watu waliokuja kuomba?

Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ni mahali patakatifu kwa Wakikuyu, Waembu, Wameru na wengine, na watu hupanda kuomba hadi leo. Ukikuta kitu kilichowekwa kwa heshima, kipite kwa heshima. Muulize mwongozaji wako wa eneo hilo, yeye anajua zaidi yako. Chupa ya soda haiwi sadaka kwa sababu iko kando ya jiwe kubwa.

Stika ya kundi letu na majina ukutani?

Hapana.

Sisi huenda Longonot, Ngong na Elephant Hill tu, na hatulali. Yanatuhusu?

Sehemu ya chakula na ya kushuka na taka, yote. Elephant Hill iko Aberdare, na mito ya safu hiyo ndiyo inayojaza mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Mkazi wa Umoja au Kawangware anakunywa maji yaliyopita chini ya miguu yako.

Nimeona kundi likiacha takataka. Nifanye nini?

Zungumza na kiongozi wao pembeni, si mbele ya watu wake. "Kaka, tuna nafasi kwenye ndoo yetu, tuwasaidie kubeba?" hufanya kazi kuliko picha ya kuwaaibisha kwenye kundi la WhatsApp. Wakikataa, toa taarifa langoni.

Mwenzetu ameugua usiku na lazima tumteremshe sasa hivi. Vitu je?

Viacheni vyote. Bebeni maji, nguo za joto, tochi, simu na mgonjwa. Chakula kifungiwe ndani ya ndoo na mlango wa kibanda ufungwe. Mkifika langoni, mwambieni afisa mmeacha nini na wapi, kisha mkubaliane na mwongozaji nani atapanda kuvichukua na atalipwa ngapi. Fedha hizo zitumwe kabla hajaanza kupanda.